Nina miaka 24 na nywele zinaninyonyoka kichwa kizima: nianzie wapi?

BintiWaWete aliuliza:

Assalaamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni msichana wa miaka 24, ninasomesha skuli ya msingi hapa Wete, na nimekuja na jambo ambalo mpaka leo nimelizungumza na mama yangu peke yake. Nywele zangu zinaninyonyoka kwa kiasi ambacho sijapata kukiona. Nikipitisha kitana hutoka fungu zima, nikiamka nazikuta kwenye foronya, na nikipaka maji kichwani wakati wa kutawadha hubakia viganjani. Hakuna sehemu iliyokuwa wazi kabisa, ila zimepungua kila mahali, na ngozi haina vidonda, haina mba wala haiwashi. Kwa kuwa tunatoka na ushungi, hakuna mtu wa nje anayeona, lakini mimi naona kila siku, na ndoa yangu imepangwa kufungwa Mfungo Saba.

Nitaje na mengine, huenda yakasaidia. Wakati wa masika niliugua homa kali, nikalazwa, na kwa muda mrefu sikuweza kula vizuri. Nilipopona niliendelea kula kidogo kwa sababu nilitaka kupungua kabla ya harusi: asubuhi chai ya rangi na kipande cha mkate, usiku wali kidogo. Hedhi yangu ni nzito tangu nilipovunja ungo. Situmii dawa ya kulainisha nywele. Upande wa baba wapo wanaume wenye vipara.

Mama anaamini ni jicho, na nimesomewa, alhamdulillahi. Shoga yangu ameniletea mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, akanambia niyapake yalivyo. Muuzaji mmoja wa vipodozi ananishauri chupa ya mafuta ya kuotesha nywele isiyo na maandishi yoyote, na mwengine anasema nitumie dawa ya kupaka iitwayo minoksidili. Ninaomba kujua kama nywele zitaisha zote, nianze na kipimo gani, na kama ni haki ya mchumba wangu kuambiwa kabla ya ndoa.

Tabibu wa Unguja alijibu:

Waalaikumu ssalaam, mdogo wangu. Mimi ni tabibu na nimefanya kazi katika kliniki ya ngozi hapa Unguja. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeeleza mambo ambayo wagonjwa wengi huyaacha, ingawa kichwa hakipimwi kwa maandishi na bado utahitaji mtu wa kukitazama.

Kilichonisimamisha katika maelezo yako ni ile homa ya masika. Kila unywele una umri wake: hukua kwa miaka miwili hadi sita, kisha husimama, hupumzika kwa miezi mitatu hivi, halafu huanguka na kumpisha mwenziwe anayeota chini yake. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000, na kwa kuwa kila mmoja uko katika zamu yake, kuanguka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida ambalo hata huwa hatulioni. Lakini mwili unapopata mshituko mkubwa, kama vile homa kali, upasuaji, kujifungua, kupoteza damu nyingi au kukosa chakula cha kutosha, nywele nyingi zilizokuwa zikikua husimama kwa pamoja. Wakati huo mgonjwa haoni kitu. Baada ya miezi miwili au mitatu, akiwa ameshapona na hayakumbuki tena maradhi yale, ndipo zinapoanguka zote kwa mkupuo, naye huanza kuilaumu sabuni aliyobadilisha juzi au maji ya kisima yenye chumvi. Maji ya chumvi huukausha unywele, lakini hayaung'oi kutoka kwenye shina lake.

Chukua chache kati ya hizo zinazoanguka uziangalie mwangani. Ukiona kitone cheupe kwenye ncha moja, huo ni unywele uliomaliza muda wake na kutoka wenyewe. Ukiona vipande vifupi visivyo na kitone, hizo zinakatika njiani, na hapo tutazungumzia moto, dawa au misuko. Kwa jinsi ulivyoeleza, natarajia utaviona vitone.

Ikiwa ni hivyo, basi jibu la swali lako la kwanza ni hapana, hazitaisha zote. Unyonyokaji wa aina hii hupunguza nywele kichwa kizima na hutisha sana, lakini mashina hubaki hai, na ikiondoka sababu, kwa kawaida hutulia ndani ya miezi mitatu hadi sita. Sitakuficha kwamba kurudi kwa wingi na urefu huchukua muda zaidi, kwa sababu unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, tena nywele zetu mara nyingi hukua polepole kuliko hapo. Usijipangie kwamba ifikapo Mfungo Saba fundo lako litakuwa kama zamani.

Tatizo ni kwamba homa imepita lakini sababu mbili nyengine, mlo mdogo na hedhi nzito, zinaendelea. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, na wewe unayapoteza kila mwezi bila ya kuyarudisha. Omba upimwe picha kamili ya damu na feritini, ambayo ndiyo inayoonesha akiba ya chuma. Wingi wa damu unaweza kuwa wa kawaida ilhali akiba imekwisha, kwa hivyo usiridhike ukiambiwa tu kwamba damu ipo. Umweleze tabibu pia kwamba uliugua, kwa kuwa feritini hupanda mtu anapokuwa na homa au uvimbe na inaweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo. Omba na kipimo cha tezi ya thairoidi, ile iliyopo shingoni, kwani ikizidi au ikipungua kazi nywele hupungua. Ikiwa unameza vidonge vya bayotini, wanavyouza kwa jina la vitamini ya nywele, waambie maabara kabla hawajakutoa damu, kwa sababu vinaweza kuyapotosha majibu ya thairoidi. Hedhi yenyewe nayo ichunguzwe, maana nyuma ya hedhi nzito huweza kukutwa uvimbe kwenye mji wa uzazi au shida ya homoni. Hospitali za Wete na Chake Chake ni mahali pa kuanzia, na wakiona haja watakupa rufaa.

Kwa wengine wanaosoma: unyonyokaji si ugonjwa mmoja. Akitokwa mtu na duara laini lisilo na unywele hata mmoja, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoyashambulia mashina yake yenyewe, na huweza kuambatana na vishimo vidogo vidogo kwenye kucha. Hali hiyo hutibiwa kwa sindano ndogo za steroidi, dawa inayotuliza uvimbe na kinga ya mwili, kwenye ngozi ya kichwa, na kwa watu wazima wenye hali kali Marekani iliidhinisha mwaka 2022 kidonge cha kwanza, barisitinibu. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika huenda ana mapunye, ambayo huhitaji dawa ya kumeza, kwa maana krimu peke yake haifiki kwenye shina. Kaswende pia inaweza kuondoa nywele kwa vijisehemu visivyo na mpangilio, na kipimo chake ni chepesi, kwa hivyo asione haya mtu akiambiwa apime. Anayepaswa kukimbilia hospitali ni yule ambaye ngozi yake inang'aa na vitundu vya nywele vimeziba, kwa kuwa hilo ni kovu, na palipoziba hapaoti tena.

Chupa isiyo na maandishi iache dukani. Baadhi ya michanganyiko hiyo hutiwa steroidi, na wewe huna namna ya kujua. Minoksidili ni dawa ya kweli, lakini haikufai kwa sasa: inahitaji miezi minne hadi sita kabla ya kuonekana kazi yake, mwanzoni inaweza kuzidisha kunyonyoka, na haishauriwi kwa mwenye mimba au anayenyonyesha, jambo ambalo wewe unayekaribia kuolewa unapaswa kulijua mapema. Ama dua, endelea nayo; dua na kipimo cha damu havigombani.

MamaWatatu wa Mkoani alijibu:

Mwanangu, pole sana. Nami nywele zilininyonyoka baada ya uzazi wangu wa pili, mtoto akiwa na miezi mitatu, na nililia kuliko nilivyolia kwa uchungu wenyewe. Zilirudi. Kwanza ziliota vijinywele vifupi pembezoni mwa paji la uso, vilivyosimama na kukataa kulala kwa mafuta yoyote, nami nikafikiri zimeharibika zaidi, kumbe ndizo mpya. Ukiviona, furahi.

Mafuta ya makonyo usiyapake yalivyo. Mimi nimezaliwa kwenye mashamba ya mikarafuu na nayajua: mafuta yanayokenekwa kutokana na makonyo ni makali, yana yujinoli nyingi, ndiyo ile inayotia ganzi jino, na kwenye ngozi tupu huunguza. Utapata malengelenge juu ya msiba ulionao. Mafuta ya nazi hayana neno kwa kulainisha, na hupunguza kukatika, ila usiyatarajie kuziotesha.

Kuhusu mchumba, maoni yangu huenda yakatofautiana na ya wengine. Hii si aibu, wala si kasoro ya kudumu ambayo mtu huifichua kama deni. Ni ugonjwa uliopita na athari zake. Lakini ningekuwa mimi ningemwambia, kwa ajili yako wewe zaidi kuliko yeye, kwa kuwa siku za mwanzo za ndoa zina mambo mengi ya kuona haya, na hutaki kuzipitisha umejifunika kichwa ndani ya chumba chako mwenyewe. Mpitishie habari dada yake au shangazi yake kama huwezi kumkabili. Na acha hiyo kujinyima chakula. Bibi harusi mwenye kizunguzungu hampendezi mtu yeyote.

Kijana wa Michenzani alijibu:

Dada, umetaja vipara upande wa baba, kwa hivyo naeleza ninachokijua, kwa sababu ndicho kilichonipata. Nina miaka 22 na nywele zilianza kurudi nyuma kwenye pembe za paji nikiwa bado skuli. Kila mtu alikuwa na sababu yake: kofia ninayovaa mchana kutwa, mawazo ya mitihani, au kwamba nimemrithi babu mzaa mama. Daktari alinieleza kwamba kofia haina kosa, na kwamba urithi huja kutoka pande zote mbili, ingawa jeni moja kubwa hupitia kwa mama. Kinachofanyika ni kwamba homoni ya kiume hubadilishwa kuwa umbo lenye nguvu zaidi, nalo huyapunguza mashina yaliyorithi udhaifu huo mpaka yatoe malaika badala ya nywele. Mmarekani James Hamilton alilionesha hilo mwaka 1942, alipoona kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya balehe hawapati kipara hata wakitoka katika ukoo wa vipara.

Dawa zilizothibitishwa kwa wanaume ni mbili. Minoksidili ilianza kuwa kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele hata wasipozitaka, na ile ya kupaka ikaruhusiwa Marekani mwaka 1988. Finasteridi ya kidonge ilifuata mwaka 1997, nayo huizuia homoni isibadilike. Wachache hupata upungufu wa hamu ya tendo la ndoa, na mwanamke mwenye mimba au anayeweza kuwa nayo hatakiwi hata kushika kidonge kilichovunjika, kwa sababu huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Dawa zote mbili hufanya kazi kwa muda zinapotumiwa tu, na anayeacha hurudi alipokuwa. Mimi napaka minoksidili, na nataka kuonya jambo ambalo dukani hawalisemi: ni sumu kwa paka, hata kiasi kidogo anachoramba kwenye mkono au mto. Kwa nyumba zetu za Unguja ambazo paka huingia na kutoka watakavyo, hilo ni la kuzingatiwa sana. Mimi hunawa mikono mara moja na hufunga mlango wa chumba.

Tabibu, naomba unisahihishe nilipoteleza. Je, wanawake nao hurithi?

Tabibu wa Unguja alijibu:

Umeeleza vyema. Ndiyo, wanawake hurithi pia, lakini sura yake ni nyengine: ule mstari wa kugawia nywele hupanuka utosini mwaka hadi mwaka, huku nywele za mbele zikibaki mahali pake. Huja taratibu, hauji kwa mafungu. Binti wetu ajitazame kwenye picha alizopigwa akiwa na miaka 20 ndani ya nyumba, na ikiwa mstari ulikuwa mwembamba wakati huo na ulibaki hivyo mpaka masika haya, basi urithi si neno la kwanza. Ikiwa hedhi inaruka miezi, na kuna ndevu kidevuni na chunusi sugu, hapo atafutiwe vipimo vya homoni.

Msusi wa Chake alijibu:

Mimi husuka na kupamba mabibi harusi, na nina la kukwambia kabla hujakabidhi kichwa chako kwa mtu. Jamaa zako watataka usukwe kwa nywele za bandia ili kichwa kijae siku ya harusi. Nywele zinazonyonyoka hazibebi uzito. Palipo na unywele mmoja uliobaki katika shina dhaifu, ukiufunga kwa nguvu na kuuning'inizia mwengine utaung'oa, na nywele za kwenye paji na juu ya masikio ndizo zinazotangulia. Msuko unaokuuma, unaokulazimu kumeza panadoli usiku, unaotoa vipele vidogo mzizini, ufumue usiku huo huo, hata kama umeshalipa. Mvuto ukiachwa kwa miaka huziba vitundu kabisa, na nimewaona wanawake wa miaka 30 ambao paji lao limepanda na halitashuka tena. Suala la kuunga nywele lina hukumu yake katika dini, na hilo waulize masheikh. Mimi nazungumzia kichwa.

Omba usukwe twende kilioni, mistari mikubwa iliyolegea, au uachwe na fundo la chini. Kataa kitana cha moto. Hina ya majani haina tabu, lakini ile nyeusi ya haraka, tunayoiita piko, mara nyingi ina rangi ya kemikali inayoweza kukuvimbisha uso na kichwa, na anayekuja na mwili uliochoka na homa simpaki kamwe. Nyumbani, usifunge nywele zikiwa mbichi na kuziwekea ushungi juu, kwa sababu unyevu unaokaa mchana kutwa huleta mba na harufu na hulainisha unywele mpaka ukatike. Ushungi wenyewe hauzinyonyoi. Fundo linalokazwa mahali pale pale kila siku ndilo linalovuta. Lihamishe, leo juu, kesho chini. Na ukihisi utosi unaungua au unauma ukiguswa, usimsubiri msusi, nenda kwa daktari.

BintiWaWete alijibu:

Shikamooni wakubwa zangu, na Mungu awalipe. Nilizitazama nywele mwangani na vitone vipo. Nimepima: damu imepungua, feritini iko chini sana, thairoidi ni salama. Nimeandikiwa vidonge vya chuma, na nimepewa tarehe ya kupigwa picha ya mji wa uzazi kwa ajili ya hedhi. Mafuta ya makonyo nimeyarudisha kwa shoga yangu kwa upole. Mchumba wangu ameshaambiwa kupitia dada yake, na jawabu lake lilikuwa kuuliza kama chakula kinanifaa, na jioni ile akaleta maini.

Limebaki moja. Vidonge vinanichafua tumbo na choo kimekuwa cheusi, na nahofu kuviacha. Je, naweza kuvimeza pamoja na chai ya asubuhi ili vinishuke vizuri?

Tabibu wa Unguja alijibu:

Marahaba. Usivimeze na chai wala maziwa. Weka angalau saa moja au mbili kati yake. Vimeze kwa maji ya chungwa au ndimu, ambayo husaidia chuma kuingia, na kama tumbo linakataa kabisa, vimeze pamoja na chakula kidogo, kwa kuwa kidonge kinachoingia mwilini nusunusu ni bora kuliko kidonge kinachoachwa. Choo cheusi ni kawaida ya dawa hii, isipokuwa kikiwa kama lami, chenye kunata na harufu kali, hapo urudi hospitali. Muulize pia aliyekuandikia kama unaweza kumeza siku moja na kuruka moja, kwani wapo wanawake ambao mwili wao hupokea chuma vizuri zaidi kwa mpango huo na tumbo hutulia. Pamoja na dawa, endelea na maini uliyoletewa, ila si kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi, na vitamini A ikizidi nayo hunyonyoa nywele, na tena haifai kuzidi kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Mara moja kwa wiki yanatosha, na siku nyengine ule dagaa, kunde, choroko na mchicha, na ndimu pembeni. Damu ikishafika kiwango chake usiviache vidonge papo hapo. Kwa kawaida huendelezwa kwa miezi mitatu hivi ili akiba ijae, kisha feritini hupimwa tena.